Aliyekingwa Anadaiwa Nini?

Yapo maneno ya kitaalamu ambayo watu hawayatafuti mpaka maradhi yapige hodi mlangoni. Neno immunity la Kiingereza ni mojawapo. Lilikaa miaka mingi katika vitabu vya matabibu na katika maabara za Ulaya, na wasemaji wa Kiswahili, isipokuwa wachache waliosomea udaktari, hawakuwa na haja kubwa nalo. Haja ilikuja katika miaka ya 1980, kwa ugonjwa ambao Kiswahili kiliupa jina la Upungufu wa Kinga Mwilini. Wagonjwa wa mwanzo kuripotiwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa wa Kagera, mwaka 1983, na haikuchukua muda UKIMWI likawa neno la mzee na mtoto. Kifupisho hicho watu wamekizoea mno, hata hawakumbuki kuwa silabi yake ya kati, ile KI, ni kinga iliyokatwa mkia.

Waliolitunga jina hilo walifanya kazi ya tafsiri isiyosifiwa inavyostahili. Walikuta mbele yao neno la Kilatini lililovaa koti la daktari, na hawakulichukua kwa sauti yake, kama vilivyochukuliwa virusi na bakteria. Walirudi nyumbani wakachota kitenzi kukinga. Hivyo neno likavuka bahari, na mizigo yake ikabaki bandarini. Mizigo hiyo inafaa kufunguliwa, kwa kuwa ndani yake mna swali la maadili ambalo halijapata jawabu la kutuliza moyo: mtu aliyekingwa na maradhi, je, amesamehewa jambo, au amebebeshwa jambo?

Kilatini kilikuwa na nomino munus. Maana yake moja ni wajibu: kazi anayopaswa mtu kuifanya kwa ajili ya mji wake, cheo anachokishika kwa zamu, ushuru, ulinzi, matengenezo ya barabara. Maana yake nyingine ni zawadi. Warumi hawakuona ajabu maana hizo kulala kitanda kimoja. Tajiri aliyewaandalia watu wa mji mapigano ya uwanjani alikuwa anatoa zawadi na kulipa deni kwa wakati huohuo, na mapigano yenyewe yakaitwa munus. Anayeshirikiana na wenziwe katika kuubeba wajibu huo aliitwa communis. Aliyeondolewa katika orodha ya wabebaji aliitwa immunis. Hali yake ikaitwa immunitas, na humo ndimo lilimotoka neno la Kiingereza.

Jamaa za neno hili wamo katika Kiswahili bila kujulishana. Manispaa ni mmoja wao. Asili yake ni municipium, mji ambao wakazi wake wameupokea wajibu, kwa kuwa sehemu ya pili ya neno hilo inatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushika au kutwaa. Komunyo ya Wakatoliki ni jamaa mwingine, na ukomunisti wa kina Marx ni jamaa wa tatu, ingawa wawili hao wakikutanishwa sebuleni hawatakubaliana hata juu ya hali ya hewa. Aliyebaki ng'ambo peke yake ni immunis. Mwenye kulipa ada ya taka kwenye manispaa yake ameshatimiza munus, ajue asijue. Ila jina la yule asiyelipa halikupata pasi ya kuingia.

Kwa Warumi msamaha huo haukuwa jambo dogo. Katika majeshi yao, askari mwenye ufundi wa pekee, mhunzi, seremala, mpima ardhi, mganga wa majeruhi, alihesabiwa miongoni mwa immunes, yaani hakuchimba mahandaki wala hakutumwa kazi za sulubu za kambini. Miji iliyopendelewa ilitangazwa huru na immunis, nayo haikutoa kodi. Kaizari Vespasian, katika karne ya kwanza, aliwasamehe matabibu na walimu mizigo ya kiraia. Hapo ndipo udhia ulipoanza, kwani msamaha ukishakuwa mtamu kila mtu hugundua kwamba yeye ni tabibu, au kama si tabibu basi ni mwalimu. Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia mwaka 138 hadi 161, alilazimika kuweka idadi: mji mdogo ungeweza kuwasamehe matabibu watano, mji wa kati saba, mji mkubwa kumi, na walimu wa sarufi na wa ufasaha kwa hesabu ndogo zaidi. Sababu yake haihitaji mwanasheria kuieleza. Barabara ni ileile, mfereji ni uleule. Mmoja akitolewa katika zamu, zamu yake haitoki pamoja naye, humwangukia jirani.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo neno lenyewe linalijua, hata kama watumiaji wake wamelisahau. Msamaha wa mmoja ni mzigo wa mwingine.

Je, neno la wakusanya kodi lilifikaje kwenye mwili wa binadamu? Wapenzi wa mashairi watafurahi kusikia kwamba miongoni mwa waliolipitisha njia hiyo mapema kabisa alikuwa mshairi. Lucan, ambaye jina lake kamili ni Marcus Annaeus Lucanus, alikufa mwaka 65 akiwa na miaka 25 tu, amelazimishwa na Nero kujiua baada ya kugunduliwa kuwa alishiriki njama ya kumwangusha. Aliacha utenzi mrefu juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Caesar na Pompey. Katika kitabu cha tisa cha utenzi huo, Cato anawaongoza askari kupita jangwa la Libya, na nyoka wanawamaliza mmoja baada ya mwingine kwa vifo ambavyo mshairi anavieleza kwa hamu inayotia kichefuchefu. Kisha wanatokea watu wa kabila la Psylli, wenyeji wa nchi ile, ambao sumu ya nyoka haiwadhuru. Lucan anasema maumbile ya mahali pale yaliwaamuru wawe immunes. Kwa kalamu yake sumu imekuwa mdai, na Wapsylli wamesamehewa deni.

Lakini tazama wanachokifanya hao waliosamehewa. Hawakai pembeni kuwatazama wageni wakifa. Wanakizunguka kituo cha askari kwa moshi wa kufukuzia nyoka, wanalala karibu nao, na askari akiumwa usiku wanamsomea, wanamfyonza sumu kwa vinywa vyao na kuitema. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wao hawadhuriki. Mshairi ametumia neno la kuondolewa wajibu, kisha hadithi yake mwenyewe ikawarudishia wajibu walewale aliowataja, tena wajibu ambao hakuna mwingine awezaye kuubeba. Labda hakukusudia. Mashairi aghalabu hujua zaidi ya washairi.

Habari iliyo kongwe kuliko hiyo inatoka Athens. Mwaka 430 kabla ya Kristo mji huo ulipatwa na tauni, na Thucydides, aliyeugua akapona, aliandika aliyoyaona. Watu waliogopa kuwaendea wagonjwa, na wagonjwa walikufa katika nyumba zisizo na muuguzi. Waliokwenda kwa sababu ya utu wao waliambukizwa, nao wakafa. Walioweza kuwahurumia wagonjwa na wanaokufa bila hofu ni wale waliokwisha kupona, kwa kuwa ugonjwa ule haukumrudia mtu kwa namna ya kumuua. Thucydides hakuwa na neno la kuiita hali hiyo. Aliiona tu, na alichokiona ni watu waliovuka mto wakarudi ng'ambo ileile kuwavusha wengine.

Karne nyingi baadaye ndui ilikuwa kweli ni kodi. Ilipita nyumba kwa nyumba, ikadai kila kichwa mara moja, na aliyelipa akabaki hai alipewa stakabadhi usoni, yale makovu yasiyofutika. Uingereza ya karne ya 18, matangazo ya magazeti ya kutafuta watumishi yalitaka mara nyingi mtu aliyekwisha kuugua ndui. Uso wenye makovu ulikuwa barua ya sifa: huyu anaweza kulea mtoto, huyu anaweza kumuuguza bwana, huyu hataileta nyumbani. Ajabu ya mambo ni kwamba kilichomharibia mtu sura ndicho kilichompa ajira.

Neno immunity lilikuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 14, likiwa la makanisa, mabwana na mahakama. Matabibu walilichukua kwa dhati katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati Pasteur na wenziwe walipoanza kueleza kwa vijidudu yale yaliyokuwa yakielezwa kwa hewa chafu na mikosi. Mwaka 1882, mjini Messina, Elie Metchnikoff alimchoma kwa mwiba mtoto wa kiti cha pweza, kiumbe kinachopenya mwanga, akaona chembe hai zikiukusanyikia mwiba ule kama siafu. Hapo neno lingeweza kubadilishwa. Kilichoonekana hakikuwa msamaha hata kidogo. Kilikuwa kazi, na kazi ya wengi. Chembe zile hazikuondolewa zamu, zilikuwa zamuni. Walakini jina lilikwisha kushika, na wanasayansi, kama watu wengine wote, hawabadilishi mlango kwa sababu ufunguo umekwaruza.

Kutoka kwenye jina hilo lililokaa upande ukazaliwa mkorogano ambao Uingereza iliupitia kwa uchungu. Sheria ya mwaka 1853 iliwalazimisha wazazi kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ndui. Waliokataa walitozwa faini, na sheria zilizofuata zilikaza kamba, faini ikawa ya kurudiarudia, na asiyeweza kulipa akapelekwa jela. Mwenye nacho alilipa akarudi kwake. Fukara ndiye aliyelala kifungoni. Mwaka 1885 maelfu ya watu waliandamana mjini Leicester kupinga. Hatimaye sheria ya mwaka 1898 ilifungua dirisha: mzazi aliyewaridhisha mahakimu kwamba dhamiri yake inaamini chanjo itamdhuru mwanawe alipewa cheti cha kusamehewa. Jina la mwenye kukataa kwa dhamiri lilitokea huko, kwenye chanjo, kabla halijapewa wale waliokataa kushika bunduki katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Mrumi angelishika kichwa. Mzazi yule alikuwa anaomba immunitas, katika maana yake ya asili kabisa, ili mwanawe asipewe immunitas katika maana yake mpya. Anaomba kuondolewa katika orodha ya wabebaji. Na kama chanjo ni msamaha tu, zawadi ambayo mtu anajitwalia kwa faida yake, kwa nini asiruhusiwe kuikataa? Nani humlazimisha mtu kupokea zawadi? Neno lenyewe linamuunga mkono mkaidi. Ukimwambia mtu kwamba anachopewa ni nafuu ya nafsi yake, usistaajabu akikujibu kwamba nafsi ni yake.

Hoja yake haifai kudharauliwa. Mwili ni nyumba ya mtu, na sindano haiingii katika jamii, inaingia katika nyama ya mtu mmoja mwenye jina. Historia ya chanjo yenyewe ina ukurasa unaoona haya. Tarehe 14 Mei 1796 Edward Jenner alimchanja James Phipps, mtoto wa miaka minane, mwana wa mtunza bustani yake, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe uliotoka mkononi mwa mkamua maziwa; Julai mwaka huohuo akamwingiza ndui yenyewe kwa makusudi, kuona kama itamshika. Haikumshika, na dunia ikashukuru. Mtoto hakuulizwa, na baba yake alikuwa na sababu zote za mtu wa chini za kutomkatalia mwajiri wake. Neno vaccine limemhifadhi ng'ombe, maana vacca ni ng'ombe jike kwa Kilatini. Mtoto halikumhifadhi. Atakayesema kwamba wanaohofia sindano ni wajinga tu, na akumbuke kwanza ni nani waliotangulizwa kujaribiwa, na waliulizwa nini.

Hata hivyo kuna jambo ambalo hoja ya mwili wangu ni wangu hailigusi, nalo ni mtoto wa jirani. Katika Tanzania na Kenya chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akifikisha miezi tisa. Kabla ya hapo anaishi kwa kinga aliyorithi kwa mama yake, ambayo hupungua mwezi kwa mwezi, na ikishapungua anaishi kwa kinga ya watu wengine: shangazi anayembeba, ndugu anayembusu, mtoto wa nyumba ya pili anayekohoa au asiyekohoa. Surua huambukiza kwa wepesi mno, hata wataalamu wanahesabu kwamba ili isipate njia inatakiwa watu kama 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Watano waliobaki si wakaidi. Ni mchanga huyo, ni mgonjwa wa saratani ambaye dawa zimemwangusha kinga, ni mtu ambaye mwili wake haukuitikia chanjo na mwenyewe hana habari. Kinga ya hao haimo miilini mwao. Imo mikononi mwa wanaowazunguka.

Wataalamu wanaliita jambo hili kinga ya jamii. Kwa masikio ya Kilatini jina hilo lina vita ndani yake, kwa sababu linawaunganisha communis na immunis, mbebaji na asiyebeba, ambao lugha iliwatenganisha kwa makusudi. Ni msamaha unaopatikana pale tu ambapo karibu wote wamekataa kusamehewa.

Watu wa pwani wana namna ya kulifikiri jambo kama hili bila kwenda Roma. Sheria ya dini inatofautisha fardhi ya kila mtu na fardhi kifaya. Kumwosha maiti, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakiifanya baadhi, waliobaki wamesalimika, wasipoifanya hata mmoja, dhambi ni ya wote. Humo mna msamaha, lakini si msamaha wa bure. Aliyelala nyumbani wakati wa mazishi amevuliwa mzigo na mabega ya waliokwenda, na mwenye haya analijua hilo anapokutana nao njiani. Mfano huu haulingani kwa kila upande, kwani kaburi linatosha kwa watu wachache na surua inataka karibu mji mzima. Lakini unaonyesha kwamba lugha ya watu inaweza kuwa na jina la wajibu ambao si wa mmoja na wala si wa hakuna mtu.

Kwa bahati, kitenzi walichokiokota watunzi wa UKIMWI kina upana wa aina hiyo. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, isimfikie. Na kwa kitenzi hichohicho hukinga maji ya mvua kwa ndoo, yasipotee. Mwenye kupewa hukinga viganja. Kuzuia na kupokea vimekaa pamoja kama vile zawadi na wajibu zilivyokaa pamoja katika munus, na anayesimama kati ya mvua na mtoto aliyembeba anafanya yote mawili, anazuia yasimfikie mtoto yale anayoyapokea yeye. Neno la Kilatini linauliza: umetolewa? Neno la Kiswahili linauliza: umesimama wapi, na nyuma yako yuko nani?

Isidhaniwe kwamba hapa Kiswahili kinapewa taji la lugha yenye hekima kuliko nyingine. Asili ya neno si hoja. Ni dalili tu ya mahali ambapo fikra ilipinda. Kinga nayo ina upande wake wa giza. Kitu kilichokingama njiani ni kizuizi, na wapitao wanakilaani. Na Kiswahili cha sheria kimelipa neno hili kazi ileile ya kale ya immunitas. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 46, inazungumzia kinga ya Rais dhidi ya mashtaka na madai, na balozi naye ana kinga yake. Ndiyo kusema Mrumi aliyeachwa bandarini aliingia kwa mlango wa mahakama. Huko kinga ni kuondolewa katika orodha, na swali la Antoninus Pius lingali palepale: wangapi wasamehewe kabla mji haujaelemewa?

Mwanzoni mwa UVIKO-19 maana hizo mbili zilikaribia kugongana tena. Mwezi wa Aprili 2020 baadhi ya serikali zilizungumza juu ya kutoa hati kwa waliougua wakapona, ili watoke nje, wasafiri na kufanya kazi wakati wengine wamefungiwa. Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha mwezi huohuo kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuwa aliyepona hawezi kuugua tena. Hoja hiyo ya kitabibu ilitosha. Lakini hata ushahidi ungekuwapo, hati ile ingekuwa barua ya Kirumi: mwenye kinga ametolewa kifungoni, basi, na aende zake. Hakuna aliyependekeza kwa sauti ya kusikika kwamba hati iseme kinyume chake, kwamba mwenye kinga ndiye wa kwanza kuitwa kuwauguza wengine. Athens walilifanya hilo bila hati.

Limebaki tukio moja, nalo ni la pwani hii ya Bahari ya Hindi. Marka ni mji wa bandari kusini ya Mogadishu, na ukizidi kushuka utafika Barawa, ambako wenyeji wake wana lahaja ya Kiswahili iitwayo Chimwini. Mwaka 1977 alikuwapo hospitalini Marka mpishi mmoja, kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin. Ndui ilikuwa imekwisha kufukuzwa dunia nzima isipokuwa pembe hiyo ya Afrika. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa kuchanjwa, na Maalin alikwepa. Baadaye alisema kwamba aliiogopa sindano, aliiona inauma. Sababu yake haikuwa falsafa wala siasa.

Mwezi wa Oktoba gari lilisimama hospitalini usiku, limebeba watoto wawili wenye ndui kutoka kambi ya wafugaji, na dereva akauliza njia ya kwenda kwa msimamizi wa kazi ya ndui mjini. Maalin akapanda garini kumwonyesha. Safari haikuzidi robo saa. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alikufa. Siku chache baadaye Maalin aliingiwa na homa. Wakadhani malaria, kisha wakadhani tetekuwanga, na mwisho wa mwezi ikajulikana kuwa ni ndui. Zaidi ya watu 50,000 wa mji na vitongoji walichanjwa katika wiki mbili zilizofuata. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na yeye. Maalin alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya maambukizi ya kawaida, na mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetoweka.

Ni vigumu kumhukumu kijana huyo kwa kipimo kimoja. Zamu ya sindano aliikwepa. Zamu ya kumwonyesha mgeni njia usiku, ambayo hakuna aliyempangia, aliitikia mara moja, na ilikuwa hiyo iliyomponza. Wenye kugawa watu katika makundi mawili, wanaobeba na wasiobeba, wamweke upande gani?

Miaka ilipita, Somalia ikaingia vitani, na ugonjwa wa kupooza ukarudi kuwaotea watoto. Maalin alijiunga na wafanyakazi wa chanjo ya matone, akawa anakwenda nyumba kwa nyumba katika eneo lake. Mama aliyesita alimsimulia habari yake mwenyewe, kwamba yeye ni yule aliyeogopa sindano akawa wa mwisho kuugua ndui, na kwamba hakutaka Somalia iwe ya mwisho kwa ugonjwa huu pia. Mwaka 2008 nchi ilihesabiwa kuwa imesafika. Mwaka 2013 ugonjwa ulizuka upya, naye akarudi kazini Marka. Alikuwa katika kazi hiyo alipopatwa na homa, na mara hii ilikuwa malaria kweli. Alikufa tarehe 22 Julai 2013, kwa maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na chanjo.